Hodi Matutani

1

Watu walianza kumiminika kabla jua la alasiri halijalegea, na Mwanaharusi Shekuwe alipochungulia dirishani akauona uwanja wake umefurika, moyo ulimruka kwa raha. Hakuna alichokipenda duniani kuliko nyumba iliyojaa. Akina mama walishajitandikia leso kivulini, vijana wamekalia ukuta, watoto wameparamia tangi la maji, na kibarazani watu wamebanana mpaka paka amekosa pa kupita. Viazi karai vilikuwa vikiuzwa. Umbeya ulikuwa ukigawiwa bure.

"Ati yule injinia amejenga jumba kule mlimani, vyumba hata huvimalizi kuvihesabu," mama mmoja alikuwa akisema, mdomo umejaa kiazi. "Na anakaa peke yake! Hana mke, hana mama, hana hata kuku."

"Sasa vyumba vyote vile vya nini?"

"Anahamahama. Leo analala hiki, kesho kile, visije vikaona wivu."

Kicheko kilipanda mpaka juu ya paa. Siku nyingine Mwanaharusi angekuwa katikati ya maneno hayo, anayachochea. Leo alikuwa na kazi. Miaka yote amekuwa mtembezaji wa matutani. Ndiye anayewapeleka wageni kwenye vilima vya mchanga vilivyo kati ya mji wa Mkadini na bahari, akiwaonyesha nani kapita wapi na nani anaishi kwenye shimo gani. Lakini tangu sheria mpya ipite, utembezaji umepanda cheo. Sasa yeye ndiye mpiga hodi wa mji, na leo ilikuwa Siku ya Hodi.

Alikuwa akijifunga leso kiunoni mlango wa nyuma uliposukumwa. Aliingia Amne, dada wa marehemu mumewe, uso ameukaza. Hata salamu hakutoa. Alivua kandambili moja, akaipindua katikati ya sakafu iliyofagiliwa. Mchanga ukamwagika kama maji.

"Huu nimetoka nao jikoni, wifi. Mchana nimepakua wali, nikapakua na tuta."

"Pole, Amne."

"Kaa na pole zako. Tuta limeshaingia dirishani. Jiko langu siku hizi naliingia kwa kuinama kama naingia kaburini. Kusi ikianza kuvuma sawasawa, nyumba yangu imekwenda. Na baada ya yangu, inayofuata ni hii." Alipiga ukuta kofi. "Hiki kibaraza chako unachokipenda kuliko roho yako."

"Najua."

"Weye unajua, mdomo wako haujui. Nimekuja kukuomba kitu kimoja tu. Leo piga hodi, wajibu salama, injinia Kalume abonyeze kitufe, lori limwage gundi, turudi tule viazi. Usianze mazungumzo! Ulikwenda kwa Bi Somoe kuazima kinu, ukatoka magharibi, na kinu ukakisahau."

"Kinu nilikirudia kesho yake."

"Ukakaa tena mpaka magharibi!"

Mwanaharusi alicheka, akamshika mikono. Mikono ya Amne ilikuwa na malengelenge. Tangu mwezi uandame alikuwa akichota mchanga kwa karai kila asubuhi, na kila asubuhi mchanga ukirudi.

"Swali moja," alisema Mwanaharusi. "Wakijibu, nafunga mdomo. Naapa."

Na aliapa kwa dhati.

2

Injinia Kalume alikuwa akiwasubiri penye mivinje, pale mchanga unapoanza. Alikuwa kijana mrefu, mpole, shati limenyooshwa, macho ya mtu aliyekosa usingizi. Nyuma yake lori kubwa lilinguruma huku ngoma yake ikizunguka, na kila ilipozunguka ilitoa harufu kama ya embe bivu lililochanganyika na dawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula kazi ikiisha."

"Hujala," alisema Mwanaharusi, akamtumbukizia viazi viwili mfukoni mwa shati lake lililonyooshwa. "Haya. Gundi umeshaikoroga?"

"Tangu adhuhuri. Na ikishakorogwa haina kesho. Nikiimwaga leo, tuta lote la upande wa bahari litashika ukoko, mchanga hautatambaa tena. Nisipoimwaga, itaganda ndani ya ngoma, na zamu ya Mkadini ya kuletewa nyingine ni mwakani." Alitazama paa la nyumba ya Amne, lililochomoza nyuma ya tuta la kwanza kama mtu anayezama. "Mwakani ni mbali, mama. Nimepima."

Akampa fimbo.

Serikali ilikuwa imeipa jina refu, lakini mji mzima uliiita Mdakuzi. Ilikuwa na urefu wa mtu mzima, chini ncha ya shaba, juu kikombe kinachotoa sauti. Ukiidunga mchangani inasikiliza: mapigo ya moyo wa mnyama, mtetemo wa miguu yake, joto la damu, harufu anayoitoa akiogopa au akishiba. Yote hayo inayapika pamoja, kisha inayapakua kwa maneno ya binadamu. Maneno yenyewe haikuzaliwa nayo. Kabla ya kukabidhiwa wanyama ililetwa kwanza ikae na watu, ijifunze mwenye njaa anasemaje na mwenye wasiwasi anasemaje. Mji ulipoulizwa fimbo iwekwe nyumba gani, hakuna aliyefikiria mara mbili. Iliegemezwa kibarazani kwa Mwanaharusi msimu mzima, ikamsikia kila aliyeingia na kila aliyetoka. Ndiyo sababu Mdakuzi aliponena, awe anamsemea kunguru au nyoka, sauti ilikuwa ya Mwanaharusi mtupu.

"Vueni viatu!" aliita. Umati ukavua. "Sheria mnaijua. Humwagi kitu, huchimbi, hujengi mahali ambapo wenyewe hawajapigiwa hodi mbele ya watu. Tutawauliza wenyeji wa aina tatu. Wote wakisema salama, kazi inaanza. Lisikanyagwe shimo, asirushwe kaa, na wewe Nyevu, mwanao asitie nyasi puani, mara ya mwisho tulirudi naye mbio hospitali."

Wakapanda. Mchanga juu ulikuwa vuguvugu, chini baridi. Kila hatua mguu ulizama na kuchomoka kwa mlio mdogo, kama mtu anakohoa kwa adabu. Mwanaharusi alikuwa mbele, anarudi nyuma, anapita pembeni, haishi kunyoosha kidole. Hapa kanu, yule mwizi wa kuku, kapita alfajiri, tazameni, kaburuta kitu. Panya huyo, maskini. Haya mashimo kama faneli ni ya mdudu mchimbaji. Tupa chembe moja uone atakavyochomoza. Mtoto mmoja alitupa, mdudu akachomoza, watu wakapiga kelele kana kwamba kachomoza simba. Juu yao ndege wekundu, keremkerem, walipita wengi sana hata kivuli chao kikawapaka watu usoni.

"Uwii, tazama!" walisema wale waliozaliwa pale pale na kuwaona kila mwaka.

Wa kwanza kupigiwa hodi alikuwa kaa, mmoja wa wale weupe wenye macho kama njiti, amesimama mlangoni mwa shimo lake. Mwanaharusi akaidunga fimbo taratibu.

"Hodi wenyewe?"

Kaa alikunja gando. Kikombe kikakwaruza, kisha sauti ya Mwanaharusi ikatoka, changamfu: "Karibu, karibu, pita ndani, usisimame mlangoni!"

Umati ulilipuka. Hata Kalume alitabasamu.

"Habari za hapa?"

"Salama."

Kwenye kioo kidogo mkononi mwa Kalume taa ya kijani ikawaka.

Wa pili alikuwa dikidiki, aliyejibanza chini ya kichaka akitetemesha pua. Yeye alijibu, "Salama tu, alhamdulillahi," na watoto wakaulizana dikidiki anasali msikiti gani. Taa ya pili ikawaka. Amne alikuwa akitembea kando ya wifi yake, na kila taa ilipowaka alipumua kwa nguvu, kama mtu anayetuliwa mizigo kichwani mmoja mmoja.

Wa tatu walimkuta ng'ambo ya tuta kubwa, upande wa bahari. Alikuwa kenge mkubwa, mnene, amelala tumbo chini penye mitambazi, ile mimea ya kutambaa yenye maua ya zambarau. Hakukimbia. Alitoa ulimi tu, akaurudisha.

"Hodi wenyewe?"

"Karibu."

"Habari za hapa?"

"Salama salmini."

Taa ya tatu. Vigelegele vilipaa. Watu wakakumbatiana, mtu akaanza kupiga makofi ya ngoma, na kule penye mivinje dereva wa lori, aliyekuwa akisikiliza redioni, akapiga honi. Amne alifunika uso kwa viganja vyake vyenye malengelenge.

Mwanaharusi naye alikuwa akipiga vigelegele. Lakini jicho lake lilibaki kwa kenge. Huyu kenge alimjua. Kila siku alikuwa mwoga, akisikia mguu wa mtu anaingia kichakani mbio. Leo amezungukwa na mji mzima na hataki kuondoka. Na wale kaa, mbona wote wamejisogeza upande huu, wamesimama milangoni kama watu wanaosubiri sinia la pilau?

Sasa jambo la Mkadini ni hili: hakuna mtu anayelichukua "salama" la kwanza kuwa ni jibu. Mtu amezika asubuhi, mchana ukimuuliza habari anakwambia salama. Unamuuliza za nyumbani, anasema njema. Unamuuliza za watoto. Ndipo anashusha pumzi na kusema, salama, ila mzee hatunaye. Kuanza na shida ni utovu wa adabu, na kutouliza mara ya pili ni utovu mkubwa zaidi. Mwanaharusi alikuwa hajawahi maishani mwake kupokea salama moja akageuka akaenda zake.

Mdomo ulimponyoka.

"Salama kweli?"

Amne alishusha viganja usoni. "Wifi."

"Salama," alisema kenge.

"Na za nyumbani?"

"Wifi! Umeapa!"

"Njema," alisema kenge. Ulimi ukatoka, ukarudi. Kikombe kikakwaruza. "Ila leo kuna karamu."

Makofi yalikatika. Upepo ulipita kwenye mitambazi.

"Karamu ya nani?" aliuliza Mwanaharusi, sasa kwa sauti ya chini, ile sauti anayoitumia habari inapoanza kunoga.

"Ya walio chini. Wameshaamka. Wengi."

3

Wote walisema kwa pamoja.

"Walio chini ni nani?"

"Mashetani! Niliwaambia huku kuna mashetani!"

"Mashetani gani wanaliwa na kenge?"

Mwanaharusi alikuwa ameshapiga magoti. Mitambazi ilifunika sehemu ndogo, si kubwa kuliko jamvi la kulia, na kuizunguka mkia wa kenge ulikuwa umechora mistari, mmoja juu ya mwingine, ya siku nyingi za kwenda na kurudi. Mlinzi haachi ghala. Alilaza kiganja juu ya mchanga, na chini ya kiganja chake kitu kilimtekenya.

"Kasa," alisema. Akainua kichwa. "Jamani, ni mayai ya kasa!"

Kasa walikuwa hawajapanda pwani ya Mkadini tangu yeye akiwa na meno ya utoto. Watoto wa leo waliwajua kwa picha ukutani shuleni. Mara moja watu walianza kusukumana waone, mzee mmoja akalia waziwazi, na mama muuza viazi, aliyelibeba sinia lake mpaka huku juu, aliliweka chini akalisahau.

"Rudini nyuma!" Mwanaharusi alipiga kelele, anacheka. "Mnawakanyaga paani!"

Kalume hakucheka. Alichutama kando yake, akanong'ona. "Mama, majibu matatu tumeshayapata. Sheria inataka swali moja, jibu moja. Hili la pili halimo."

"Lakini nimelisikia."

"Umelisikia kwa Mdakuzi. Mdakuzi amekaa kibarazani kwako, ameokota adabu zenu. Hii ya kusema 'salama' kwanza, na 'ila' baadaye, ni yenu nyinyi. Hatujui kama ni ya kenge."

Mwanaharusi alimtazama. Alimpenda kijana huyu, hakuwa mwongo. "Basi mwanangu, hata lile salama la kwanza ni letu. Ukilitupa la pili, litupe na la kwanza. Au ukilichukua la kwanza, nichukulie na hili."

Kalume alitoa kiazi mfukoni, akakitazama kama hajui kimefikaje, akakila.

"Gundi ikimwagwa," aliuliza Mwanaharusi, "wataweza kuchimba watoke?"

"Nyundo haiitoboi."

"Basi acha pengo hapa. Dogo. Kama jamvi."

"Nilitamani." Alimeza. "Ukoko huu ni kama wa wali, mama. Ukibaki mzima, hautikisiki. Ukipata pengo moja upande wa upepo, unabanduka wote, kutoka hapa mpaka kwa Bi Amne. Nitakuwa nimemwaga bure. Na nani ajuaye kama ni shimo moja tu?"

Amne alikuwa amesimama nyuma yao. Amesikia yote. Alipozungumza hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Mwanaharusi.

"Mimi nimewahi kula mayai ya kasa?"

"Hujawahi, wifi."

"Nimewahi kuwafanyia lolote hawa?"

"La."

"Basi kwa nini nyumba yangu ndiyo iwe mahari yao?" Alikuwa akilia sasa, machozi yanachora njia kwenye vumbi la shavuni. "Umeniapia, Mwanaharusi. Ungenyamaza tu. Mara moja tu maishani mwako ungenyamaza, tungekuwa tunakula viazi."

Ni kweli. Mwanaharusi alisimama. Kutoka juu pale aliuona mji wote: paa la Amne linalozama, na mbele yake kibaraza chake mwenyewe, kile alichokalia mama mkwe wake na mama wa mama mkwe wake, watu wakiingia watu wakitoka. Aliwaza pakiwa tuta, kimya, hakuna hata wa kuuliza habari. Mdomoni alikuwa na neno moja tayari, tena jepesi: bonyeza. Kenge amesema salama. Kaa amesema salama. Nani angemlaumu?

"Sijawapigia hodi wao," alisema.

"Nani?"

"Walio chini. Nimewauliza majirani wote, wenye nyumba sijawauliza. Wakisema salama, Kalume, bonyeza, sitaongeza neno." Alimgeukia Amne. "Swali moja. Safari hii kweli."

Amne alifuta pua kwa ncha ya leso. "Piga."

4

Jua lilikuwa limeshuka, mchanga umeanza kupoa. Mwanaharusi aliidunga fimbo katikati ya mitambazi, kwa uangalifu wa mtu anayechoma sindano mtoto. Ilizama kwa urefu wa mkono. Umati ulikuwa kimya kiasi cha kusikia mawimbi na, mbali kule, ngoma ya lori ikizunguka.

"Hodi wenyewe?"

Hakuna kitu. Kikombe kilikwaruza, kikanyamaza, kikakwaruza tena. Kalume alikitazama kioo chake. "Mdakuzi anahangaika," alinong'ona. "Mapigo ni mengi mno. Mioyo midogo midogo, yote inakwenda mbio, yote inasukuma upande mmoja. Juu. Hajawahi kukutana na hali hii kwa mnyama. Anatafuta kwa watu neno linalofanana nayo."

Kisha Mdakuzi alisema, kwa sauti ya Mwanaharusi, lakini ndogo, kama Mwanaharusi wa miaka saba aliyesimama nje ya mlango wa watu asiowajua:

"Hodi."

Watu walitazamana.

"Mbona inarudia maneno yako?" aliuliza mtu.

"Hairudii," alisema Kalume. Aliwasogezea kioo chake. "Angalia hapa. Hawajibu. Wanaomba."

Mwanaharusi aliinama karibu na kikombe. Aliyekuja kubisha alikuwa yeye. Lakini hawa walio ndani ya mchanga hawakujiona ndani. Kwao, ndani ni huku: hewa hii, jua hili, bahari ile, watu hawa wanaojazana. Wao ndio wako nje, mlangoni.

"Hodi," ilisema fimbo mara ya pili.

Na kila mtu aliyelelewa Mkadini alijua, hata yule wa kutia nyasi puani, kwamba hodi ni tatu. Mgeni akipiga ya tatu asijibiwe, anageuka, anakwenda zake, na aibu inabaki kwa mwenye nyumba. Hakuna nyumba pale iliyowahi kufikisha ya tatu. Hata kwenye msiba. Hata kwenye ugomvi. Hata mtu mwenye deni lako ukimsikia hodi yake, unajibu kwanza, unagombana baadaye.

Mwanaharusi alimtazama Amne.

"Usinitazame mimi," alisema Amne.

"Amne."

"Usinitazame, nimesema!" Alikuwa ameuma leso kwa meno, anatikisa kichwa, macho yake yameganda kwenye fimbo.

Mchanga ulibonyea. Kidogo tu, kama shavu la mtoto anayevuta uji. Kikombe kikakwaruza.

"Hodi."

Mwanaharusi alivuta pumzi. Aliona kibaraza chake kwa mara nyingine, kikifunikwa, na akakiaga.

"Karibuni!" alisema.

Lakini hakulisema peke yake. Nyuma yake sauti nyingine, ya hasira, iliyojaa machozi, ilikuwa imelisema neno lile lile pamoja naye, ikapitiliza: "Karibuni, piteni, msisimame mlangoni!" Na Amne akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka kama kaa, kana kwamba aliyesema ni mtu mwingine.

Kalume alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Taa zote tatu zilizimika, ikawaka nyekundu. Penye mivinje ngoma ya lori ilikohoa, ikapunguza mwendo, ikasimama.

Na mchanga ukachemka. Kichwa kimoja kilichomoza, cheusi, kidogo kama kokwa la tende, kikapepesa macho. Kisha vingine vitatu. Kisha hawakuhesabika tena. Walitoka wakipandana mabegani, wakaanguka, wakainuka, wakapiga makasia yao mafupi juu ya mchanga mkavu, na kenge akainuka na kaa wote wakatoka milangoni.

"Hapana!" Mwanaharusi alipiga ukelele uliosikika mpaka msikitini. "Hii si karamu yenu! Mstari! Pangeni mistari miwili mpaka majini! Tandikeni leso! Nyevu, mzuie huyo kenge!"

Mkadini ikapanga mistari. Hawakuwahi kupanga mistari kwenye foleni ya maji, lakini siku ile walipanga. Leso zilitandazwa huku na huku kama kuta za njia ya bwana harusi, watoto walikimbiza kaa, na mama muuza viazi alimrushia kenge sinia zima, kenge akasimama kula viazi karai kwa mara ya kwanza katika ukoo wake. Katikati wageni walipita, weusi, wenye haraka, hawamjali mtu. Vigelegele viliwasindikiza mpaka wimbi la kwanza lilipowachukua.

Amne alikuwa amepiga magoti mwisho wa njia, maji yanampiga mapajani, akimgeuza mmoja aliyeanguka chali. Alimgeuza kwa kidole kimoja, polepole. Alipokwenda, Amne alibaki pale pale ametazama.

Mwanaharusi alikuja akaketi kando yake majini, na nguo zake zote.

"Sisi tutalala wapi?" aliuliza Amne, bila kugeuka.

"Kwangu. Nusu ya kitanda ni yako."

"Na mchanga ukifika kwako?"

Mwanaharusi aliangalia nyuma. Kalume alikuwa amekaa juu ya tuta, viatu mkononi, suruali iliyonyooshwa imelowa mpaka magotini, anakula kiazi cha pili na kucheka peke yake kama mtu aliyeota. Juu ya mlima, mbali nyuma yake, jumba lake lilikuwa limeshika jua la mwisho kwenye madirisha yake yote, na katika madirisha yote yale hapakuwa na pazia hata moja.

"Ukifika," alisema Mwanaharusi, "tutabeba sufuria, tutapanda mlima, mji mzima, tutapiga hodi." Alimpiga wifi yake bega. "Twende, tukamuulize habari. Na akisema salama, mimi nitamuuliza tena."